Mwenye Upepo wa Khwisero

Watu wengi wa Kakamega walimjua Philemon kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Ilikuwa sauti nene ya kutoka tumboni, na mwaka ule tulipopata uhuru serikali ilimwajiri kwa ajili yake, ikampa sare ya kaki, kofia, na kipaza sauti kilichofungwa juu ya Landrova. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni akiwasomea watu matangazo, na jioni kutundika shuka jeupe ukutani na kuonyesha sinema. Filamu zenyewe zilisema Kiingereza. Philemon alisimama kando ya shuka akizigeuza, Kiswahili kwanza kisha Kiluhya, na kila alipogeuza hakuacha kutia chumvi yake kidogo. Alijipenda katika kazi ile. Sisemi kwa kumwonea, alijipenda mno. Pale Amalemba alikopanga alikuwa na pasi ya makaa ambayo hata mkewe Jescah hakuruhusiwa kuigusa, maana sare ile aliipiga pasi kwa mkono wake mwenyewe kila asubuhi.

Dereva wake aliitwa Kipkemboi, kijana wa Lugari, mlokole, mchache wa maneno. Lakini alichokisikia hakikumtoka. Pale ofisini ilijulikana kwamba neno lolote lililosemwa garini humfikia mkubwa kabla chai ya saa nne haijapoa. Kwa hiyo Philemon alichunga ulimi, na hilo ulishike, maana ulimi huo ndio habari yenyewe.

Jambo jingine ni la mama yake. Alitoka kwa watu wa mvua, upande wa Bunyore, na baba yake Philemon alipofariki mtoto akalelewa huko kwa wajomba hadi alipoanza shule. Mjomba mmoja alikuwa na vigae na majani yake nyuma ya nyumba, na mawingu yakikusanyika alikuwa akipita njiani na kusema tu, kama mtu anayezungumzia ng'ombe wake, kwamba leo itanyesha vibaya. Hakusema zaidi. Jioni watu walikuja na mtama na kuku. Naye alikana, akasema yeye hana mvua, mvua ni ya Mungu. Akikana hivyo alikuwa anapokea, na waliotoa walirudi nyumbani mioyo imetulia. Philemon hakufundishwa kitu, na alipobatizwa aliyaweka hayo yote kando pamoja na nguo za utoto. Khwisero, kwao kwa baba, hawakuyaweka kando.

Mapema katika mwaka wa pili wa uhuru ofisi ilipokea filamu ya kimbunga. Ilikuwa ya nchi moja ya ng'ambo, iliyo katikati ya bahari. Ilionyesha watu wakipigilia mbao madirishani, foleni za kununua mkate na mafuta ya taa, polisi wakipita na vipaza sauti, na mtu wa redio akisoma karatasi huku jasho linamtoka. Kisha upepo ukafika, na mapaa yakaruka kama maganda ya mahindi kwenye kupeta. Philemon aliionyesha sokoni Khwisero. Aliwaeleza kwamba huko kwa wenzetu kimbunga hutangazwa kikiwa bado mbali, na hupewa jina la mwanamke. Watu walicheka sana, mmoja akauliza mume wake ni nani na kama mahari ilikwisha.

Ndipo mzee mmoja akauliza kwa upole kama yule anayesema redioni ndiye mwenye upepo. Philemon akasema la, yeye ni mtangazaji tu. Mzee akauliza, sasa jina lake alilijuaje. Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama Philemon pale kando ya shuka, na kofia yake, na kile kipaza sauti, na wengine wakakumbuka kwa mama yake ni wapi.

Njiani kurudi Philemon alicheka hadi akapaliwa. Wewe usicheke. Mahali ambapo mvua ina wenyewe, anayekuambia dhoruba inakuja anakuambia ujue pa kwenda kuomba. Hakuna mtu wa akili anayetangaza cha mwenzake. Watu wa Khwisero waliitazama filamu ile yote na kuielewa vizuri kabisa, ila kwa sheria za kwao.

Aprili mvua za masika zilikuja na hasira. Asubuhi moja ofisi ilipigiwa simu kutoka upande wa ziwa kwamba upepo wenye mvua ya mawe umeng'oa mapaa na kuua watu, na kwamba mwingine kama huo unakuja bara siku hiyo au kesho yake. Redio nayo ikasema hivyo, kwa sentensi mbili, halafu ikapiga muziki. Mkubwa akawaita Philemon na Kipkemboi, akawaamuru wazunguke masoko yote ya kusini, waanze na Khwisero kwa kuwa ilikuwa siku yake ya soko.

Walifika kabla ya adhuhuri. Philemon alisimama juu ya Landrova akasema kama alivyoagizwa, na safari hii hakutia chumvi. Upepo mkubwa unakuja, ulikotoka umeua. Msijikinge chini ya miti. Msikae katika nyumba ya udongo yenye ufa. Kanisa hili la hapa sokoni ukuta wake wa nyuma umepasuka tangu mwaka jana, kila mtu anaujua, kwa hiyo wanawake wanaokutana leo kwa maombi wasiingie humo. Nendeni nyumba ya mawe ya chifu, imefunguliwa.

Watu walisikia. Alipokuwa bado anasema, wanawake walianza kubeba mikeka na watoto kuelekea kwa chifu. Moyo wake ulivimba. Alijiona yule mtu wa redio katika filamu, tofauti ni kwamba wa kwake walikuwa wanasogea.

Shangazi yake Priscah akaja kumshika mkono ashuke akale. Nyumba yake ilikuwa hapo nyuma ya soko. Philemon alisema ana haraka, masoko yanamngoja, lakini shangazi alikwisha kuchinja. Mtu wa kule hakatai kuku wa shangazi, nduguye baba yake. Afadhali akatae kazi. Na huyu Priscah ndiye aliyembeba mgongoni kabla hajapelekwa kwa wajomba. Kipkemboi naye alikaribishwa, akasema amefunga, akabaki garini.

Aliyeandaa ni Namalwa, binti wa Priscah, aliyeolewa boma la jirani. Alileta obusuma, ugali wa wimbi, na bakuli la ingokho, yule kuku wa shangazi, akamnawisha mikono, akatoka. Philemon alikula peke yake mezani. Alitafuta firigisi, ambayo ndiyo heshima ya mwanamume mgeni, hakuiona. Akageuka, akamwona nyuma ya mlango mtoto wa Namalwa, Ayuma, wa miaka mitano hivi, midomo inang'aa mafuta. Alimkonyezea jicho. Mtoto akajificha uso, naye akaendelea kula.

Alipokuwa anafuta bakuli kwa tonge la mwisho alihisi kimya nje. Alitazama mlangoni, akaona ua umejaa watu. Walikuwa wamesimama tu, wanatazama mdomo wake. Shangazi alikuwa mbele yao. Aligeuka akawaambia, bila kupaza sauti, kwamba amekula. Watu wakashusha pumzi wote pamoja, wakaanza kutawanyika wakizungumza, na Philemon akaona kupitia dirishani mikeka ikirudi kutoka kwa chifu.

Akaliweka lile tonge chini.

"Senje," alimwambia shangazi, "hii kuku ilikuwa ya nani?"

"Ya soko yote," Priscah akamjibu, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Kila mtu alitoa kitu. Sisi tunajuanga mambo ya kwa mama yako, mwanangu, ni vile tu hatusemangi. Sasa umekula. Imeisha."

Alimwambia shangazi kwamba yeye ni mtu wa serikali na wa kanisa, hana upepo, hajui hata unakotoka. Shangazi akaitikia kwa kichwa, akampangusa kola. Philemon akakimbia hadi kwenye gari, akapanda, akafungua kipaza sauti, akawatangazia wote kwamba yeye si mwenye upepo, kwamba kuku aliyekula ni chakula tu, warudi kwa chifu upesi. Watu walisimama wakamsikiliza kwa adabu. Walitabasamu. Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika, wanamwona kijana aliyelelewa vizuri, anayekana inavyotakiwa. Kila alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kutulia, na wanawake wakaanza kuingia kanisani mmoja mmoja na vitabu vyao vya nyimbo.

Na hapo, juu ya lile gari, alijua la kusema. Alilijua kabisa. Angesema: kuku wenu ni mdogo, nimewakasirikia, upepo ni wangu na ninauleta leo hii hapa, tokeni. Wangekimbia hadi kwa chifu wakianguka. Kanisa lingebaki tupu. Maneno yalimfika kwenye ncha ya ulimi, akayahisi. Akatazama chini, akamwona Kipkemboi ameshika usukani, kichwa kimeinuliwa, anasikiliza. Akaiona meza ya mkubwa. Akaona sare ikirudishwa stoo, na waumini wa Amalemba wakiambiwa kwamba Philemon amejitangaza mganga wa mvua kwa kipaza sauti cha serikali. Akasema moyoni kwamba huenda upepo usipite hapa. Akameza maneno, akazima kipaza sauti, akamwambia Kipkemboi waende.

Mimi nimejaribu kumtetea kwa jambo hili na siwezi. Hakuwa mtu mbaya. Aliona haya, basi, na haya ndiyo iliyomfunga mdomo.

Upepo uliwakuta wakiwa soko la mbele. Wingu lilikuja jeusi lenye ukijani, halafu mawe ya barafu yakaanza kupiga bati la Landrova hata hawakuweza kusikilizana. Mara tu yalipopungua Philemon alimwambia Kipkemboi ageuze gari. Njia ilikuwa imejaa matawi na migomba iliyolala. Walipofika Khwisero paa la kanisa lilikuwa barabarani, limekunjwa. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeangukia ndani. Watu walikuwa wanachimbua kwa majembe na kwa mikono, na Philemon akavua kofia akachimbua nao mpaka kucha zikamtoka damu. Walitoa wanawake watano waliokufa. Priscah alikuwa wa tatu kutolewa, kitabu cha nyimbo kimebanwa kifuani. Namalwa na mtoto walikuwa hai, kwa kuwa Namalwa alibaki nyumbani anaosha vyungu.

Redio ilisoma habari hiyo mwisho kabisa, baada ya bei za kahawa. Gazeti moja lilifanya zaidi. Liliandika habari ya kimbunga cha Magharibi, likaiweka Khwisero kando ya ziwa ambako haipo, na juu yake likachapa picha ya Philemon akiwa amesimama kwenye Landrova, yenye maneno kwamba mtangazaji shujaa aliwaonya wananchi nao wakapuuza. Mkubwa alimpa mkono mbele ya wote. Karani akakata ukurasa akaubandika ukutani. Philemon alipita mbele yake siku nzima bila kuinua macho, na usiku akamwambia Jescah yote, hata yale maneno aliyoyameza. Jescah alilia kwanza. Kisha akamwambia ale, naye hakuweza.

Maziko yalifanywa pamoja, watu wengi, udongo bado una majimaji. Ofisi ilitoa gari, kwa hiyo Kipkemboi alikuwepo, amesimama nyuma na kofia mkononi. Makaburi yalipokwisha kufukiwa wazee walikaa, na swali likaulizwa waziwazi, kama linavyoulizwa kule kila kifo kinapokuja vibaya. Kuku alitolewa, akaliwa, na bado upepo ukaja. Ni nini kilipungua?

Mwanamke mmoja aliyesaidia kunyonyoa akasema yeye aliona bakuli likipita kwenda mezani, na firigisi haikuwamo. Macho yote yakamgeukia Namalwa. Naye hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Nilipea mtoto," alisema. "Alikuwa analia njaa."

Shemeji yake, Chrispinus, mkewe alikuwa mmoja wa wale watano. Alisimama, akanyoosha kidole kwa Ayuma, ambaye alikuwa ameketi chini anachezea majani, akasema mtoto huyu amekula watu watano. Hakusema kwa kelele. Akasema mtoto huyo na mama yake wasirudi tena katika boma la ndugu yake, na kama wakirudi, yeye hatajua kilichowapata. Mumewe Namalwa alikuwa palepale. Aliangalia miguu yake. Wengine wakaanza kusogea mbali na mtoto, kidogo kidogo, hata pakabaki duara tupu la nyasi, naye Ayuma katikati anacheza. Namalwa aliwatazama mmoja mmoja akitafuta wa kumsemea. Hakumpata.

Philemon aliona watakavyomfanya mtoto yule. Si lazima kumpiga. Angekua akijua kwamba ameua, kila kisima angeondokewa, kila nyumba angefungiwa. Akasimama. Sauti ilitoka ileile ya masokoni, na hakuhitaji kipaza.

"Mwacheni mtoto. Firigisi si kitu. Ile upepo ilikuwa yangu. Niliiita mimi, na nilipokula nikakataa kuirudisha."

Mzee mmoja akamwuliza kwa nini, kwa sababu shangazi yake mwenyewe alikuwamo.

Philemon alitazama kaburi la Priscah. Alitafuta sababu ambayo wangeiamini, akaipata, na kuitamka kulimwuma kuliko yote aliyowahi kuyasema.

"Kuku ilikuwa ndogo."

Udongo wa kwanza ulitupwa na Chrispinus. Kisha mawe. Jiwe moja lilimpasua juu ya jicho, akaanguka, akanyanyuka, akaenda kinyumenyume kuelekea kwenye gari, na wote wakamfuata, wote, hata wale waliokuwa wamesogea mbali na Ayuma, wakampita mtoto bila kumwona. Kipkemboi alikuwa ameshawasha injini. Philemon alipofika mlangoni alimtazama Namalwa mara moja. Labda alitumaini ameelewa. Namalwa alikuwa amemnyakua mtoto, amemfunika uso na leso ili macho ya Philemon yasimfikie.

"Mama alikubeba kwa mgongo yake," alisema Namalwa. "Mgongo yake hii tumezika."

Kipkemboi aliripoti, kama kawaida yake, na sitamlaumu, aliripoti alichosikia. Ukurasa wa gazeti ukatolewa ukutani. Philemon akarudisha sare, akafutwa kazi kwa kujihusisha na uganga, na kanisa la Amalemba likamtaka akae nje kwa muda, muda ambao mwisho wake haukutajwa. Alipata kazi ya kupakia magunia ya mahindi, na baadaye akawa anauza makaa pale Lubao. Wateja walimlipa upesi wakaondoka, na mawingu yakikusanyika hakuna aliyesimama karibu naye. Wengine walimwachia kuku mlangoni. Aliwafungua wakaenda zao.

Zaidi ya mara moja Jescah alitaka kwenda Khwisero akamwambie Namalwa ukweli, walau yeye peke yake. Philemon alimkatalia. Alisema Namalwa hajui kusema uongo. Akiujua ukweli atausema, na wakiujua wengine watarudi kwa mtoto. Jescah akamwuliza kama ataweza kuishi hivyo. Akasema hajui, lakini Ayuma anaweza.

Miaka mingi baadaye alikwenda mjini kununua magunia matupu, akapita stendi ya basi. Kikundi cha wasichana wa shule kilikuwa kinangoja gari. Mmoja alikuwa na uso wa Priscah, uso mzima, na hata kusimama kwake, uzito mguu mmoja. Philemon alisimama akasahau alichokuwa anakifuata. Mwenzake msichana yule akamwona, akamnong'oneza, na Ayuma akageuka. Alimtambua kwa lile kovu la juu ya jicho, maana alikuwa amelisikia likisimuliwa utoto wake wote. Akaziba uso kwa mikono miwili, akatoka mbio kuvuka barabara, na wenzake wakamfuata.

Jioni Philemon alirudi bila magunia. Jescah akamwuliza kulikoni.

"Nimemwona," alisema. "Amekuwa mrefu. Yuko na viatu."

Jescah akamwuliza kama walizungumza. Philemon akasema hapana, alikimbia, na wenzake walikimbia pamoja naye.